Nyasi Kwenye Chumba cha Waridi

Kama si buti la mguu wa kushoto, Aika Ndesanjo angenunua ndizi zake, angeenda zake kwa shangazi, na leo pasingekuwa na la kusimulia.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka 1995, na soko la Tengeru lilikuwa limefurika. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa kila kona, na wachuuzi walikuwa wakikata kamba za marobota huku wanunuzi wamewazunguka wakisukumana kwa viwiko. Aika alikuwa amevaa sketi ya bluu iliyomkaa vizuri kiunoni, blauzi nyeupe, na viatu vya visigino ambavyo tope la Tengeru lilikuwa limeshavimeza nusu. Jumatatu yake alikuwa anaanza kazi ya afisa utumishi katika shamba la maua la Mholanzi mmoja chini ya Olmotonyi, na barua ya ajira ilimtaka aje na gambuti. Alilipata la kushoto, la kijani, namba thelathini na nane, karibu jipya. Akalipekua rundo lote kutafuta mwenzake, wapi. Alipoinua macho akaliona la kulia mkononi mwa kijana mrefu mwenye jaketi la jinzi na shati lililonyooshwa kwa pasi, masikio yake yametogwa kama ya wanaume wengi wa Kiarusha.

"Kaka, hilo buti ni mwenzake na hili," Aika alisema.

"Dada, habari za asubuhi?"

"Nzuri. Hilo buti..."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mvua, kwenu imenyesha?"

Aika alishusha pumzi. Kwao Machame mtu akija kununua hununua, mvua ataiulizia akiwa njiani kurudi. "Kaka, mimi nauliza buti."

"Na mimi nakusalimia. Buti haliendi popote, tumelishika wote wawili."

Ilibidi Aika acheke. Akasalimiana naye upya, kwa utaratibu, mpaka ng'ombe wakauliziwa hali ingawa kwao walikuwa na mmoja tu wa maziwa. Ndipo kijana akakiri kwamba buti alilitaka kwa ajili ya mama yake, na kwamba mama yake kwa kweli huvaa namba arobaini na moja. Alikuwa ameling'ang'ania tu ili mazungumzo yasiishe. Akamuuliza jina.

"Aika. Kwetu maana yake ni asante."

"Basi umeshanishukuru kabla sijakupa," alisema, akampa.

Jumatatu Aika alipopelekwa mbele ya wasimamizi kutambulishwa, yule kijana alikuwa amekaa mstari wa pili. Aliitwa Meitamei, mhitimu wa chuo cha kilimo cha bustani cha palepale Tengeru, msimamizi wa mabanda ya nailoni yaliyooteshwa waridi. Aliyatazama mabuti ya kijani miguuni pa afisa utumishi mpya, kisha akageuza uso akatazama paa kwa muda mrefu sana.

Shamba liliitwa Kilima Waridi. Mwenyewe alikuwa Joost, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Yosti, mtu wa miguu mirefu na pua iliyoungua jua. Yosti hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alilipa kwa wakati, alikula kantini pamoja na watu wake, na alipenda mambo mawili, usafi na ukweli. Kwake, kumweleza mtu kosa lake mbele ya wenzake ni kumheshimu. Jambo hilo lilimwingia Aika upesi, maana baba yake, mwinjilisti wa Kilutheri kule Machame, naye hakujua kuzunguka neno. Usafi nao ulikuwa na sababu. Jani moja la nje lenye wadudu lingeweza kurudisha mzigo mzima kutoka Uholanzi, hivyo Aika aliandika tangazo kwa mkono wake na kulibandika mlangoni mwa chumba cha kufungia maua: ni marufuku kuingia na jani, ua au mche wowote kutoka nje.

Mapenzi yalianzia kwenye simu. Mabandani kulikuwa na simu ya ndani ya kutolea taarifa za joto na maji, na kila siku kabla ya chakula cha mchana ilikuwa ikilia mezani kwa Aika.

"Afisa utumishi? Nina malalamiko."

"Yaandike, yapite kwa utaratibu."

"Ni ya haraka. Nina saa nne sijakuona."

"Mfanyakazi, rudi kazini," Aika angesema, kisha angekaa na mkono wa simu sikioni hata baada ya mwenzake kukata. Mwezi wa kumi walikuwa wakitembea pamoja kila Jumapili baada ya ibada, yeye kwenye gauni lake la kitenge cha njano, Meitamei na lile jaketi, wakipandisha njia ya chuo cha misitu mpaka Arusha yote ikaonekana chini yao. Siku moja Aika alimchokoza kwamba anafanya kazi katikati ya waridi laki moja na hajawahi kumpa hata moja.

"Hizo ni za Yosti," Meitamei alisema. "Siku nikikuletea kitu mkononi, mpenzi, kitakuwa kizito kuliko waridi."

Mambo yaliharibika kidogo Krismasi. Aika alimpeleka Machame kwa wazazi, na mama yake aliamka alfajiri kumpikia mgeni machalari, ndizi zilizopikwa kwa nyama. Sahani ilipowekwa, mama akakaa mbele yake kumwangalia akila. Meitamei akainamisha kichwa, akashukuru, hakugusa. Mama akambembeleza, naye akazidi kuinama. Mzee Ndesanjo akasema waziwazi kwamba kijana anayekataa chakula cha mama wa nyumba ile asikanyage tena pale. Njia nzima ya kurudi Aika alikuwa akifoka. Meitamei alijibu mara moja tu, kwa upole, kwamba alikuwa akimheshimu mama yake. Aika akamwambia hiyo heshima ya kumwaibisha mtu hajawahi kuiona. Hakuuliza zaidi, na ningependa mlikumbuke hilo.

Kisha ikaja Januari. Kwa watu wa waridi, mwaka mzima hutazama siku moja, Februari kumi na nne, wazungu wanapopeana maua ya wapendanao. Yosti alitaka vikosi vya kukata maua viwe na viongozi, na viongozi wapatikane kwa mtihani. Aika aliuandaa mtihani huo na kuusimamia kwa haki. Aliyeongoza alikuwa Simel, kijana wa miaka ishirini na mbili, mwenye mkono mwepesi usiovunja shina hata moja. Akapewa kikosi cha wanaume sitini, karibu wote Waarusha wa vijiji vya jirani, na wengi wao wa rika la baba yake.

Meitamei alimfuata Aika ofisini, akafunga mlango. Alimweleza kwamba waliotahiriwa kipindi kimoja ni rika moja, na watu wa rika la baba yako wote ni baba zako. Simel hawezi kuwaamrisha baba zake, na wao hawawezi kumkatalia Yosti usoni. "Hawatasema hapana," alimwambia. "Watanyamaza. Ukiwaona wamenyamaza, ujue jambo limekuwa kubwa."

Aika alimjibu kwamba kazi ni kazi na mtihani ni mtihani, na kwamba Meitamei, msimamizi mzima, anawaogopa wazee wake. Meitamei hakusema lolote. Ukimya wake Aika aliuchukua kuwa ameshindwa hoja.

Siku moja katika wiki ya mwisho ya Januari wale sitini hawakuingia mabandani. Hawakupiga kelele wala hawakubeba mabango. Walikaa nje ya geti, kwenye majani, kutwa nzima, na jioni wakaenda zao. Simel peke yake alikata maua siku ile, akilia.

Kesho yake asubuhi alikuja mkaguzi wa mimea, bila taarifa. Aika alikuwa kwenye chumba cha kufungia maua, koti jeupe limefungwa mpaka shingoni, Yosti ubavuni pake, mkaguzi akipitisha kioo chake cha kukuzia juu ya majani. Mlango ukafunguka. Meitamei alisimama kizingitini, amevaa shuka jekundu juu ya nguo za kazi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kazini. Mkononi alishika fungu la nyasi mbichi, zina udongo kwenye mizizi. Akamnyoshea Aika, kimya.

Mkaguzi akainua kichwa. Yosti akazitazama nyasi, akamtazama Aika. Na Aika, masikini, likamjia lile neno la kitu kizito kuliko waridi. Akaona amefanyiwa mzaha, leo kuliko siku zote, mbele ya mtu anayeweza kulifunga shamba. Akazichukua zile nyasi, akazitupa kwenye pipa la taka.

"Tangazo hulioni mlangoni?" alisema. "Mambo yetu tuyaache nje."

Meitamei alilitazama pipa, akageuka, akaondoka. Mchana huo Yosti alitaka barua ya onyo isomwe mbele ya wafanyakazi ili kila mtu aielewe sheria, na Aika akaisoma kwa sauti yake mwenyewe, na sahihi ilikuwa yake. Meitamei aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaweka funguo za mabanda mezani. Alipotoka getini, wale sitini, waliokuwa wamerudi kukaa pale nje, wakainuka wakamfuata kupandisha mlima, na Simel nyuma yao.

Siku nne zikapita. Waridi zilikuwa zikifunguka mashinani, na wanawake wa chumba cha kufungia walikuwa wakikata na kufunga wao wenyewe mpaka vidole vikavimba. Aika alipiga simu chuo cha misitu, ambako ndugu yake Meitamei alikuwa karani, akaambiwa ujumbe utafika. Alipiga tena na tena. Mara ya tano karani akamwambia kwa adabu kwamba ujumbe ulifika tangu siku ya kwanza. Simu ya mabandani haikulia hata mara moja, naye kila ikikaribia saa sita alijikuta ameitazama. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa amemkumbuka sana, na hakujua lipi alianze.

Siku ya tano alimkuta mama Resiato amekaa juu ya ndoo nyuma ya kantini, akikanda vidole vyake. Alikuwa Mwarusha, mtu mzima, mfungaji hodari kuliko wote. Aika akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, yeyo," alisema, akimwita mama kwa lugha yake Resiato.

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye wa kuniambia. Ile barua ndiyo iliyowaudhi?"

"Barua ni karatasi," Resiato alisema. "Ulitupa nyasi."

Aika hakuelewa, na safari hii aliuliza. Resiato akamweleza taratibu, bila kumlaumu. Ng'ombe anaishi kwa nyasi, na watu wanaishi kwa ng'ombe. Mtu akizing'oa akakunyoshea, amekwambia basi, yaishe, tuongee. Hata waliokuwa wakipigana hushusha fimbo. Wazee walikuwa wamekaa usiku kucha wakakubali kurudi kazini na kuzungumza, wakamtuma Meitamei, na Meitamei akaomba zipelekwe kwa Aika kwanza kabla ya Yosti, kwa kuwa alisema huyu binti ana moyo wa kupokea.

Aika alikaa chini palepale, na koti lake jeupe. Kwao kuna isale, lile jani refu linalooteshwa uani kwenye kila nyumba ya Kichaga. Ukikosewa hata jambo la kuua, aliyekukosea akija na isale, unalipokea, unasamehe. Alikuwa ameliona likipatanisha ndugu wasiosalimiana kwa miaka tisa. Akajiuliza angejisikiaje mtu amtupie isale lake kwenye pipa, mbele ya wageni, kisha amsomee barua. Na palepale ile sahani ya Krismasi ikamjia, akamuuliza Resiato: mwanamume wa Kiarusha anaweza kula mbele ya mama wa msichana anayemtaka?

"Hapana," Resiato alishtuka. "Atakuwa amekosa adabu kabisa. Kwa nini?"

Aika akalia hapo mpaka akamaliza. Resiato alimshika bega, hakumharakisha, na kwa mkono ule uliovimba Aika atamshukuru mpaka anakwenda kaburini.

Yosti alimsikiliza mpaka mwisho, amekaa pembeni ya meza yake. "Lakini kwa nini Meitamei hakusema?" aliuliza.

"Alisema, bosi. Sisi ndio hatukusikia."

Yosti akafikiri. Kisha akafungua faili, akaitoa nakala ya barua ya onyo, akaichana mara mbili. Akasema basi wawapelekee wazee waridi, zile za daraja la kwanza. Aika akacheka machozi yakiwa bado shavuni. Akamwambia kule mlimani hakuna anayehitaji waridi, na kwamba aliyekosewa huombwa kwa lugha yake mwenyewe. Yosti akampa dereva na gari, na ujumbe: waambie na mimi nimekosa. Katika maisha yake ya kazi Aika amewahi kuwa na mabosi wengi. Huyo ndiye aliyemfundisha kwamba mkubwa naye anaweza kusema hivyo na asipungue chochote.

Aika alishuka kwenye gari kabla ya kufika, akatembea hatua za mwisho, gauni la kitenge cha njano na yale mabuti ya kijani. Pembeni ya njia akainama, akang'oa nyasi mbichi na mizizi yake. Nyumbani kwa kina Meitamei kulikuwa na migomba, kahawa kidogo, na zizi. Wazee kama kumi walikuwa wamekaa kwenye vigoda, na Meitamei amesimama nyuma yao. Alipomwona, akageuza uso.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," walijibu, baridi.

Moyo ulimtaka aseme alilojia. Akauzuia. Akawauliza habari za asubuhi, na za nyumbani, na watoto. Akauliza ng'ombe wameamkaje. Mzee mmoja akajibu kirefu kuhusu ndama anayeharisha, na Aika akamsikiliza mpaka ndama akaisha. Kisha akauliza kama mvua imenyesha. Hapo akamwona Meitamei ameuma mdomo.

Ndipo akapiga magoti akanyosha nyasi kwa mikono miwili. "Nililetewa nyasi nikazitupa," alisema. "Sikuzijua. Mwenye shamba naye hakuzijua, na ameniambia niwaambie amekosa. Lakini mimi niliambiwa kabla kwamba mkinyamaza jambo ni kubwa, nikaona najua zaidi. Hilo ni langu."

Kisha msemaji wa rika, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, akanyosha mkono akazipokea. Baada ya hapo mazungumzo hayakuwa magumu. Wazee hawakuwa na ugomvi na mkono wa Simel. Alikuwa fundi, awafundishe kukata, wao wangemtazama. Ila neno la kuwatuma kazini litoke kwa mtu wa rika lao, watakayemchagua wenyewe. Aika aliona ni jambo dogo mno, la dakika tano, na nusura liliangushe shamba. Simel alipoambiwa alipumua kwa nguvu mpaka wazee wakacheka.

Meitamei alimsindikiza mpaka kwenye zizi. Walisimama wakitazama ng'ombe.

"Simu zangu ulizipata," Aika alisema.

"Zote."

"Kwa nini hukupiga?"

"Sikupiga kwa sababu nilikuja." Akaingiza mkono ndani ya jaketi, akatoa jani refu, limekauka ncha, limekunjika kwa kubebwa. Lilikuwa isale. "Tekla mpishi wa kantini aliniambia kwenu mnaomba hivi. Nilikuwa na kosa langu. Nilikuletea jambo zito bila kukueleza, kisha nikakuacha na watu sitini mgongoni. Juzi nilifika mpaka mlangoni kwako Kaloleni nikiwa nalo. Nikashindwa kugonga."

"Kwa nini, mpenzi wangu?"

"Niliogopa utalitupa na hili."

Aika alifunika uso kwa viganja. Meitamei akamnyoshea jani. Aika akaushika mkono wake, akamkunja vidole juu ya isale, akaurudisha kifuani kwake mwenyewe Meitamei.

"Mimi nilikusamehe tangu nikiwa kwenye gari," alisema. "Hilo usinipe. Litunze ukampe baba. Kwetu isale halikataliwi, hata la mtu aliyeambiwa asikanyage."

Meitamei alimtazama ili awe na hakika amesikia alichosikia. "Nikifika na hili, sitaishia kuomba msamaha."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia ulitunze."

"Na mama yako atapika."

"Atapika."

Kesho yake alfajiri wale sitini waliingia getini na mzee mwenye kofia ya sufu mbele. Yosti alikuwa amesimama pale akiwasalimia mmoja mmoja, nyumbani hawajambo, ng'ombe hawajambo, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, na kazi ilichelewa kuanza kwa dakika arobaini. Waridi za wapendanao ziliondoka zote kwa wakati. Saa sita kasoro simu ya mezani kwa Aika ikalia, na afisa utumishi akaambiwa kuna malalamiko.

Pasaka walikwenda Machame. Meitamei alitoa isale lile kwa mikono miwili, limeshakuwa la kahawia, na Mzee Ndesanjo akalitazama muda mrefu, akamtazama binti yake, akalipokea. Waliongea wanaume peke yao mpaka chakula kikawa tayari. Mama akaingia na sahani ya machalari. Aika alikuwa ameshamweleza kila kitu jikoni, usiku uliotangulia, na mama alikuwa amemsikiliza akitikisa kichwa, akisema kumbe mtoto wa watu alikuwa na adabu hivyo na sisi tukamfukuza. Akaiweka sahani mbele ya mgeni, akamkaribisha, na badala ya kukaa akageuka akatoka, akarudisha mlango nyuma yake.

Alisubiri jikoni, mikono kiunoni, akisikiliza. Aliporudi akaikuta sahani tupu. Akapakua tena.